Nilikuwa Dansini, Uwanja Ukaenda

Nilirudi kutoka Unguja Jumatatu ya tarehe 17 Februari 2025, utepe wa tamasha bado uko mkononi, miguu imevimba kwa kucheza siku tatu. Bodaboda akanishusha pale mwembeni kama kawaida. Nikamlipa, nikainua begi, nikageuka nikakutana na mabati. Mabati mapya ya bluu, yamezungushwa nusu ya uwanja wetu kuanzia kwenye mwembe hadi karibu na mtaro, na ndani yake mchanga na matofali vimeshamwagwa. Nikamuuliza kijana wa chipsi kulikoni. Akanijibu bila kuinua macho kwenye kikaango: "Fremu za maduka hizo, mama. Si mlipitisha wenyewe jana kwenye mkutano?"

Jana hiyo ilikuwa Jumapili. Mkutano ulikuwa saa nne asubuhi, na saa kumi jioni lori la mabati likaingia. Saa nne ile mimi nilikuwa Jang'ombe, kulekule Unguja, kwa ndugu wa wifi yangu, nimejifunika shuka mpaka kichwani kwa sababu usiku wake nilitoka tamashani, Ngome Kongwe, saa nane.

Nayaandika haya kwa wapenzi wenzangu wa muziki, hasa nyinyi mnaosema "siasa sitaki, mimi nipeni dansi." Nami nilikuwa nasema hivyohivyo.

Uwanja wenyewe si mkubwa. Watoto wanachezea mpira, misiba inafungiwa maturubai, na kila sikukuu bendi moja ya wazee ilikuwa inakuja kupiga. Zamani hata vigodoro, zile ngoma za mtaani, vilikesha pale. Hauna hati wala bango. Kila mtu alijua ni uwanja, na sisi tukaona kujua kunatosha.

Mimi ni fundi cherehani, upande wa Temeke, mtaa sitautaja. Muziki nimeurithi kwa marehemu baba, aliyekuwa kuli bandarini. Sikukuu alikuwa anatupeleka kwenye bugi, yaani dansi la mchana, sisi watoto tunakunywa soda, yeye anasimama karibu na magitaa mikono nyuma kama mkaguzi. Alikuwa mtu wa bendi ya Msondo. Mkimwambia Sikinde, bendi pinzani, anakunja uso. Nilipokua ndipo nikaelewa kwa nini alikuwa anaisema ile bendi kama mtu anayesema shamba lake. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ikaja kuwa JUWATA, kisha OTTU, mpaka leo tunaiita Msondo Ngoma. Baba alikatwa ada ya chama kila mwezi, na kwa hesabu zake waya mmoja wa gitaa la solo ulikuwa wake. Sikinde nao, waliozaliwa mwaka 1978, walikuwa chini ya DDC, shirika la maendeleo la jiji. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala, Bima Lee ya shirika la bima, Urafiki ya kiwanda cha nguo. Bendi ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na ukumbi. Mashirika yalipodhoofika au kujitoa, bendi zikabaki na jina, wapenzi na vyombo vilivyochakaa. Ukumbi ukawa wa kuomba.

Hayo nilikuwa nayajua kama hadithi. Sikuwahi kuyahusisha na mwembe wetu.

Utaratibu wa maisha yangu ulikuwa hivi. Jumamosi mchana nafunga kazi, jioni naoga, usiku dansi. Mwanamke wa miaka hamsini na ushee kwenda dansini peke yake bado kuna watu wanalitazama vibaya, kwa hiyo nakwenda na shoga yangu wa tangu shule. Tuna bajaji mmoja tuliyemzoea, tunapatana naye bei ya kurudi kabla hatujashuka, maana ukisubiri saa tisa usiku ndio upatane, utalipa anachotaka yeye. Tunakaa upande wa jukwaa, mbali na kaunta. Kule kaunta hata muziki husikii, unasikia watu wakidaiana. Pesa naigawa: ya kiingilio kwenye pochi, ya nauli kwenye kiatu, ya kuwatunza wanamuziki mkononi. Saa kumi alfajiri niko kitandani. Na mikutano ya mtaa wetu, sijui nani aliipanga, ni Jumapili saa nne asubuhi. Kwa hiyo kwa miaka saba niliyohamia pale, sikuhudhuria hata mmoja. Sikuwa nimegoma wala sikuwa na hasira na mtu. Nilikuwa nimelala.

Kosa jingine lilikuwa la Novemba. Tarehe 27 Novemba 2024 ilikuwa uchaguzi wa serikali za mitaa, siku ya mapumziko. Mimi nilikuwa na kadi yangu ya mpiga kura, nimeitunza kwenye plastiki, nikajua niko sawa. Asubuhi nikapita kituoni, jina halipo. Kumbe uchaguzi wa mitaa una orodha yake. Watu walijiandikisha kuanzia tarehe 11 hadi 20 Oktoba, siku kumi tu, na ile kadi ya uchaguzi mkuu haikuhusu. Mjumbe alipita nyumba kwa nyumba kutangaza. Nakumbuka alipopita, nilikuwa nashona, redio iko juu, nikamwambia "sawa mjumbe, nimesikia." Sikuwa nimesikia.

Basi, kwa kuwa siku ilikuwa bure, nikampigia wifi tukaenda Bagamoyo. Siwezi kusema nilijuta siku ile. Tulikwenda Kaole, tukasimama kwenye magofu ya msikiti wa karne ya 13, upepo wa mikoko unatupiga, tukarudi mjini tukala pweza. Ufukweni kijana mmoja alikuwa anapiga ilimba, kile kinanda cha vidole gumba, taratibu, kidole gumba kimepasuka. Nikamuuliza kajifunzia wapi, akanyoosha mkono upande wa chuo cha sanaa, ambako marehemu Hukwe Zawose, bingwa wa ilimba, alifundisha. Nikampa elfu mbili. Jioni tukarudi Dar, na mtaa wetu una mwenyekiti mpya ambaye mimi sikumpigia wala sikumpinga.

Sasa niseme ya Unguja, maana kule nako kuna pa kujifunza, na kusema kweli ndiyo siku tatu nilizofurahi kuliko zote mwaka ule.

Sauti za Busara, ndilo tamasha lenyewe, nimeisikia tangu ilipoanza mwaka 2004, ila kila Februari ninapotaka kwenda, pesa ya karo inanikata miguu. Mwaka 2016 haikufanyika kabisa kwa kukosa fedha, na mimi nikajifariji kwamba basi hata ningekuwa nazo. Mara hii nilidunduliza kwenye kibubu miezi minane. Boti kwenda na kurudi ilinichukua kama elfu sabini. Kosa langu lilikuwa malazi. Nilipiga simu gesti moja mwezi Desemba wakaniambia elfu arobaini, sikulipa kitu, nikajua nitawakuta. Nilipofika na begi langu, elfu tisini na tano, na chumba kimebaki kimoja. Mji Mkongwe siku hizo tatu umefurika watu. Ukitaka kwenda, lipa chumba mapema, au tafuta ndugu wa Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, kama nilivyofanya, uwe unaingia mjini kwa daladala. Na beba kitambulisho, maana kiingilio cha Mtanzania ni nafuu sana kuliko cha mgeni.

Siku ya kwanza niliwahi kama mtu anayewahi kliniki. Saa kumi niko ndani, saa nne usiku nimechoka, nikaondoka. Kesho yake watu wananisimulia walivyocheza saa sita. Siku ya pili nikawa mjanja, nikalala mchana. Ndani ya zile kuta za ngome, muziki hauna pa kukimbilia, unapanda na kukurudia. Pale hawakubali mtu kupanda na sidii akaimbia juu yake. Kila chombo kinapigwa mbele ya macho yako. Lakini kilichonitoa machozi hakikuwa cha jukwaa kubwa. Mchana, uchochoroni, nilikuta kikundi cha kidumbak, taarab ya mitaani: fidla moja, vidumbaki viwili, yaani ngoma ndogo, cherewa za kutikisa, na mzee mmoja amekaa nyuma ya sanduku lenye fimbo na kamba, analivuta besi. Sanduku la chai. Kamba ikilegea anaikaza kwa goti. Watu wazima kwa watoto wamejaa kwenye kona ambayo haizidi duka langu, na hakuna aliyeomba kibali cha kusimama.

Kwa hiyo mjue nilirudi nikiwa nimejaa. Ndipo mabati.

Wiki ile ile nilikwenda kwenye vunja jungu, taarab ya mwisho kabla ya Ramadhani. Nilikuwa nimewashonea akina mama kumi na wanne sare za zambarau, nikaalikwa meza moja nao. Ubeti ukimgusa mtu, anainuka na noti, anakwenda kutunza huku anamtazama yule aliyekusudiwa. Katikati ya vigelegele nikamuinamia jirani yangu, mama ambaye najua huenda mikutanoni, nikamuuliza: mlipitishaje fremu? Akashangaa. "Tulipitisha nini? Tulizungumza usafi. Daftari la mahudhurio likapita, tukasaini." Akainuka kwenda kutunza. Mimi nikabaki nimeshika glasi.

Nilikuja kuuona muhtasari baadaye. Mkutano una watu thelathini na mmoja, agenda ya usafi, na chini kabisa, kwenye mengineyo, mistari miwili: wakazi wameridhia sehemu ya eneo la wazi itumike kwa fremu za kuongeza mapato ya mtaa. Nyuma yake imebanwa ile karatasi ya mahudhurio. Sahihi thelathini na moja. Nimeambiwa na watu tisa waliokuwepo kwamba fremu hazikutajwa, na wengine wawili wanasema zilitajwa kwa haraka watu wakiwa wanasimama kuondoka. Nawaamini wote kumi na mmoja.

Kama mtaa wenu una mkutano, msisaini mahudhurio kwenye karatasi tupu. Saini ile yenye tarehe na agenda juu yake, na piga picha kwa simu. Nilijifunza kwa kuchelewa.

Ramadhani yote nilishona. Fundi hana Ramadhani ya kufuatilia mambo, nguo za Idd zinakuja kama mvua. Barua ya kwanza niliandika usiku wa manane, kwa hasira, kurasa tatu, nimemtaja baba, nimemtaja hadi mwembe. Nikaipeleka ofisini, kijana akaipokea, akaiweka chini ya faili. Baada ya wiki tatu nikaulizia: haionekani. Sina nakala. Barua ya pili ilikuwa nusu ukurasa, wazee wanne wamesaini nami, nakala tatu, na sikutoka mlangoni mpaka nakala yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe. Hiyo haikupotea. Ilikaa tu. Kutoka mtaa tukaambiwa nendeni kata, kata wakatuambia hilo ni la watu wa ardhi wa halmashauri, watu wa ardhi wakatuuliza: mna namba ya kiwanja? Kwenye mtaa uliojengwa holela namba ya uwanja utaitoa wapi? Mzee mmoja mtulivu pale dirishani ndiye aliyetusaidia. Alisema: msiulize namba, ulizeni mchoro wa urasimishaji wa mtaa wenu, ile ramani ya kupanga mtaa uliokwisha kujengwa. Ukawepo. Na kwenye mchoro, pale mwembeni, pameandikwa kwa herufi ndogo: eneo la wazi. Nauli na fotokopi zilinitoka kama elfu themanini mpaka hapo, na siku nne za kazi.

Hapa akili yangu ikanidanganya. Nikasema, tukipiga dansi kwenye nusu iliyobaki, watu wakajaa, nani atathubutu kuigusa? Nikaamua Idd el-Hajj tulete bendi.

Hesabu nawawekea wazi ili mtu asinifuate shimoni. Bendi, wazee wazuri lakini si wenye jina kubwa, milioni moja na laki mbili. Vyombo 350,000. Jenereta na mafuta 140,000. Viti mia mbili 100,000. Maturubai 80,000. Walinzi wanne 80,000. Kufuatilia vibali 130,000. Jumla 2,080,000. Vibali vilipita mtaa, kata, kwa afisa utamaduni, kisha polisi, na kila dirisha lilitaka barua ya dirisha lililotangulia. Anza mwezi mzima kabla. Mimi nilianza siku kumi na mbili kabla, na cha mwisho nilikipata asubuhi ya siku yenyewe. Tena niliweka Idd Pili, Jumapili ya tarehe 8 Juni, bila kufikiri kwamba kesho yake ni Jumatatu ya kazi.

Kibali kinasema mwisho saa sita usiku. Nilikisoma, nikakikunja. Na mpenzi wa dansi, nani asiyejua, anatoka nyumbani saa nne. Bendi ilichelewa kufunga vyombo, ikaanza kupasha saa tatu na nusu kwa viti vitupu. Saa tano watu wakaanza kumiminika. Saa sita kasoro dakika kumi wimbo ukaingia kwenye chemko, pale pa kuchezwa hasa, shoga yangu katupa viatu, wazee wamejipanga mstari, hata mama mmoja wa zambarau nilimwona na mjukuu mgongoni. Nilijisahau kabisa. Kisha magitaa yakakatika moja baada ya jingine. Askari wawili wamesimama mbele ya jukwaa, wapole tu, mmoja ananyoosha saa yake ya mkononi kwa mpiga drams. Mpiga drams kainua fimbo zote mbili juu, hajui azishushe wapi. Akaziweka chini ya kiti, polepole.

Siwalaumu. Kanuni za kudhibiti kelele zipo tangu mwaka 2015, na nyumba ya tatu kutoka mwembeni kuna mtoto mchanga. Ningeanza saa tisa alasiri, bugi kama la baba, saa tatu usiku tungekuwa tumemaliza na watu wameshiba. Waliolipa elfu tano walikuwa 163. Jumlisha michango laki tatu, nikabaki na hasara ya 965,000. Aliyepata faida ni mwenye kreti za bia, ambaye sikumtoza hata shilingi kwa sababu niliona haya. Msione haya. Usiku ule nililia jikoni, si kwa ajili ya hela peke yake. Mume wangu alinichemshia maji ya kuoga, hakusema neno mpaka kesho yake aliposema: "Mama, lile deni la vyombo ni lini?" Nililimaliza Agosti.

Fremu zilikuwa zimeisha kujengwa wakati wa dansi. Ziko nne. Wiki moja baada ya dansi, mtu akanifuata dukani akanipa habari njema: mama fundi, moja tumekuwekea wewe, elfu themanini kwa mwezi. Nilifikiria siku mbili. Pale barabarani wateja ni wengi kuliko uchochoroni kwangu. Sikuichukua, lakini msinisifu. Walitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo na mimi nilikuwa na deni la spika.

Jumapili ya tarehe 20 Julai nilikwenda mkutanoni kwa mara ya kwanza. Jumamosi sikutoka, nililala saa tatu kama kuku. Tulikuwa ishirini na saba, kwenye mabenchi ya shule, na ikachukua saa nzima kujadili ada ya taka. Saa nzima! Nani kalipa, nani hajalipa, gari la taka linapita lini. Nilisinzia mara mbili. Nikagundua pia kwamba mwenyekiti si jitu nililolijenga kichwani. Ni baba mchovu anayesikiliza malalamiko ya mitaro tangu asubuhi. Hilo halikupunguza hasira yangu, ila lilinisaidia kuongea vizuri. Mengineyo yalipofika nikainuka na fotokopi ya mchoro. Akasema, "Mama fundi, lete kwa maandishi." Nikamwonyesha nakala yenye muhuri wa kupokelewa, wa mwezi Aprili. Watu wakacheka, naye akacheka kidogo. Tukaandika, na safari hii nilisimama nyuma ya mwandishi mpaka akamaliza mstari: nusu iliyobaki isiguswe mpaka watu wa ardhi waje waweke bikoni za mipaka, na suala la fremu liwe agenda namba moja mkutano ujao. Nikapiga picha ukurasa.

Mabati ya bluu bado yapo. Moja limegeuzwa goli.

Mkutano ujao umeshatangazwa, Jumapili, saa nne asubuhi. Jumamosi yake Msondo wanapiga, na shoga yangu ameshanunua viatu vipya badala ya vile alivyovitupa, hakimu aje aseme nisiende. Nimemwomba mjumbe anigongee dirisha saa tatu. Agonge lile la upande wa cherehani, kwa nguvu, maana la chumbani sisikii.